Kabla Hatujafunga Kontena Jingine: Hoja Kuhusu Viputo vya Altrasaundi



Sisi wa huku Uingereza kuchangishana tumekuzoea. Leo ni mgonjwa anapelekwa India, kesho ni kontena la vifaa vya hospitali linakwenda Dar es Salaam. Sina ugomvi na ukarimu huo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi idara ya mionzi, na hoja yangu ni moja: tunapeleka vyuma bila kuuliza vitaona nini. Mfano wangu ni viputo vidogo sana vya gesi ambavyo tunawachoma wagonjwa mshipani kabla ya altrasaundi.

Altrasaundi ni mashine ya mnyonge. Bei yake ni nafuu kuliko ya CT, haina mionzi, inabebeka mpaka kitandani. Udhaifu wake ni kwamba damu hairudishi sauti vizuri. Daktari anaona uvimbe kwenye ini, lakini je, ni saratani au ni fundo la mishipa lisilo na madhara? Hapo mgonjwa anaambiwa atafute CT. Kama iko mbali, hiyo ni nauli, ni siku za kazi, ni mbuzi kuuzwa. Akifika, huenda akachomwa dawa yenye iodini, ambayo kwa mwenye figo dhaifu inahitaji tahadhari.

Viputo vinaziba pengo hilo. Vingi vina kipenyo kati ya mikromita 1 na 10, yaani karibu sawa na chembe nyekundu ya damu, kwa hiyo hupita mapafuni na kuzunguka na damu. Sauti ikivipiga vinatanuka na kusinyaa, vinarudisha mwangwi mkali, na mishipa inang'aa kwenye skrini. Fundo la mishipa kwa kawaida hujaa taratibu kuanzia pembeni na kubaki limeng'aa, wakati saratani nyingi za ini hung'aa upesi kisha hufifia. Dozi ya aina moja inayotumika sana Ulaya ni mililita 2.4, nusu ya kijiko cha chai. Gesi yake hutoka kwa pumzi, zaidi ya asilimia 80 ndani ya dakika mbili, na figo haziguswi.

Si jambo geni. Raymond Gramiak na Pravin Shah wa Rochester, Marekani, waliandika kuhusu mwangwi wa viputo moyoni mwaka 1968. Hapa Uingereza taasisi ya NICE ilipendekeza viputo kwa uchunguzi wa ini mwaka 2012. Marekani ilivikubali kwa ini, kwa watu wazima na watoto, mwaka 2016.

Viputo vya hospitalini leo vina ganda laini la mafuta au protini. Ganda hilo huchoka mapema, na baadhi ya aina lazima zitunzwe kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza maganda ya polima. Wale wa KTH Stockholm na Chuo Kikuu cha Tor Vergata, Roma, wametumia polivinili alkoholi. Ganda la polima ni nene na gumu, hudumu zaidi na linaweza kubeba dawa nyingi zaidi. Lakini ugumu huo huo ni kasoro, kwa sababu linahitaji sauti yenye nguvu zaidi ili litikisike. Bado halijaingia katika matumizi ya kawaida.

Ndoto kubwa ni kiputo kibebe dawa ya saratani, kisha sauti ikipasue palepale penye uvimbe. Kule Bergen, Norway, wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho walipewa dawa ya kawaida pamoja na viputo vya ganda laini na altrasaundi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Yalitia moyo, lakini watu 10 si ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo ndugu yako akiambiwa kuna kliniki inauza "tiba ya viputo", mwambie afunge pochi.

Najua nitaambiwa: hospitali haina hata glavu, wewe unatuletea viputo! Ni kweli, glavu kwanza. Tena viputo, ingawa ni mara chache, vinaweza kuleta mzio mkali, na mahali pasipo na adrenalini na oksijeni visichomwe kabisa. Lakini tusijidanganye kwamba kutovitumia ni bure. Kila mgonjwa anayesafiri kutafuta jibu ambalo mashine ya wilayani ingeweza kulitoa amelipa, na saratani haikumsubiri njiani.

Basi napendekeza haya. Kwanza, kabla ya kufunga kontena tuulize kama mashine ina programu ya kusoma viputo. Nyingi za zamani hazina, na mashine isiyo nayo itawaona kama ukungu tu. Pili, tuchangie watu. Viputo vinataka mikono iliyofunzwa: sindano au kanula nyembamba mno inavivunja kabla havijafika moyoni, na picha inasomwa kwa dakika kadhaa, si kwa kutupia jicho. Nauli ya mkufunzi mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kontena.

Tatu ni siasa, na hapa wabunge wetu wasikwepe. Tanzania ilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Waulizwe: kipimo hiki kimo kwenye kitita? Bohari ya Dawa ina mpango gani nacho? Na vyuo vyetu viingie kwenye majaribio ya maganda ya polima tangu mwanzo. Tukikaa pembeni, dawa itaundwa kwa ajili ya friji za Stockholm, halafu tutalalamika kwamba haihimili joto la Tabora.

Nawasilisha. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, nitamsoma kwa heshima.