Tuhukumu Kitendo, Tusihukumu Vipande vya Gari

Jioni moja tulikuwa Nzahaha, katika vilima vinavyoteremka kuelekea bonde la Bugarama, tukawakuta askari wetu bwaloni wakibishana kwa sauti kubwa. Hawakubishania mishahara wala likizo. Walichobishania ni hukumu ya ajali iliyotokea mbali sana na Rusizi, mjini Barcelona, katika mashindano ya magari ya Formula One ya tarehe 1 Juni 2025.

Tangu Desemba 2024, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilipofanya mkutano wake mkuu mjini Kigali na Rais Paul Kagame akatangaza nia ya Rwanda ya kuandaa mashindano hayo, jambo hili si la ng'ambo tena. Lakini sisi hatukuvutiwa na mwendo wa magari. Tulivutiwa na swali lililokuwa ndani ya ubishi ule: mkosaji apimwe kwa alichokitenda, au kwa hasara iliyofuata?

Tuitazame kwanza ajali ya Silverstone, Uingereza, tarehe 18 Julai 2021. Katika mzunguko wa kwanza, Lewis Hamilton aligusana na Max Verstappen katika kona ya mwendo mkali. Gari la Verstappen liliruka nje ya njia likapiga ukuta kwa kishindo kilichopimwa kuwa mara 51 ya nguvu ya uvutano wa dunia, na dereva akapelekwa hospitali kuchunguzwa. Waamuzi walimwona Hamilton kuwa na sehemu kubwa ya lawama, wakampa adhabu ya sekunde 10. Aliitumikia, na bado akashinda.

Sasa turudi Barcelona. Verstappen aliagizwa na timu yake ampishe George Russell. Alipunguza mwendo kana kwamba anatii, kisha akauongeza ghafla na kumgonga mwenzake ubavuni. Hakuna aliyeumia, na magari yote mawili yaliendelea. Adhabu ikawa sekunde 10 zile zile, pamoja na pointi 3 za adhabu katika leseni yake, naye akashuka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 10. Kesho yake yeye mwenyewe alikiri kwamba kitendo kile hakikuwa sawa.

Wapo waliosema bwaloni kwamba hukumu ya Silverstone ilikuwa nyepesi mno, kwa kuwa mtu nusura apoteze maisha, na kwamba ya Barcelona ilikuwa nzito, kwa kuwa palichubuka rangi tu. Sisi tunasema kinyume. Waamuzi wa mashindano hayo wana desturi ya kukipima kitendo na si matokeo yake, na desturi hiyo ni ya haki. Dereva ni mwenye kitendo chake. Mengine yote ni mali ya bahati. Askari anayesahau risasi chemba akafyatua, ana uzembe ule ule, risasi iingie darini au iingie pajani mwa mwenzake. Kamanda anayengoja damu imwagike ndipo aadhibu, hajajenga nidhamu, amecheza kamari.

Lakini ukikipima kitendo, huna budi kukipima pamoja na nia. Hapo ndipo tunaposema kwamba sekunde 10 za Barcelona zilikuwa chache. Kukosea hesabu ya kona ni kosa la mtu anayejitahidi. Kumgonga mwenzako kwa hasira ni kosa la mtu aliyeacha kujitawala. Makosa hayo mawili hayawezi kuuzwa kwa bei moja.

Tena adhabu haina budi kumnyang'anya mkosaji faida ya kosa lake. Mwaka 1990 huko Suzuka, Japani, Ayrton Senna alimgonga Alain Prost katika kona ya kwanza. Wote wawili wakatoka mashindanoni, na kwa kutoka huko Senna akawa bingwa wa dunia. Hakuadhibiwa, na mwaka uliofuata alikiri kwamba alikuwa amekusudia kutompisha. Mwaka 1997 huko Jerez, Hispania, Michael Schumacher aliyekuwa akiongoza kwa pointi 1 alimgeuzia gari Jacques Villeneuve. Waamuzi wa siku ile waliliona kuwa tukio la kawaida la mbio. FIA haikuridhika: ilimfuta Schumacher katika msimamo wa mwaka mzima, na ikamtaka ashiriki kampeni ya usalama barabarani. Hukumu ya kwanza iliwafundisha vijana kwamba kugonga kunalipa. Ya pili iliwafundisha kwamba hakulipi.

Ndugu zetu askari wa usalama barabarani, somo hili ni lenu kuliko la madereva wa mbio. Lori linalolipita gari jingine konani katika mteremko wa Bugarama, likapona kwa sababu tu hapakuwa na mtu ng'ambo ya kona, limekwisha kutenda kosa. Liadhibiwe siku hiyo hiyo, lisingojewe liue. Kwa upande mwingine, ajali inapotokea, umati hukimbilia kumlaumu mwenye gari kubwa, na pengine dereva huyo alikuwa upande wake, kwa mwendo wake halali. Mchungulieni barabara kabla ya kuchungulia machozi.

Tutaulizwa: je, aliyefiwa tumwambie nini? Swali hilo ni zito, wala hatulikwepi. Sheria yenyewe huyapa mauti uzito wake, na familia inastahili fidia, rambirambi na ukweli wote. Lakini fidia hupimwa kwa hasara, na lawama hupimwa kwa kosa. Anayevichanganya viwili hivi atamwonea mmoja na kumwachilia mwingine, na aliyefiwa hatapata haki kwa kupewa mkosaji asiyekuwa mkosaji.

Mwisho, hukumu isitazame cheo. Pointi za Barcelona zilimfikisha bingwa wa dunia mara nne kwenye pointi 11, akabakiza 1 tu kabla ya kufungiwa shindano moja. Kama kanuni inaweza kumsogelea bingwa kiasi hicho, gari lenye namba ya jeshi nalo lisimame linaposimamishwa, na afande aliye ndani yake atoe leseni bila kutaja cheo chake.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Walisema kweli kuhusu bahati. Uzembe na kusudi vina kinga, na kinga hiyo ni hukumu inayojulikana mapema, inayotolewa upesi, na iliyo moja kwa wote.