Watoto wasilazwe na watu wazima

Kwa Mhariri,

Nina kero.

Mpwa wangu wa kidato cha 2 alianza na kuber, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, shuleni, akaingia kwenye bangi, mwishowe chang'aa. Tukachanga, shangazi yake akauza mbuzi, tukampeleka katika kituo cha kibinafsi cha kurekebishia tabia ambacho sitakitaja. Nilipomtembelea nilimkuta chumba kimoja na wanaume wenye mvi, walevi wa miaka mingi. Vitabu tulivyomfungashia vilikuwa chini ya godoro, kamba haijafunguliwa. Mwalimu hakuna. Mvulana wa miaka 16 anashinda akisikiliza hadithi za baa! (Chakula kilikuwa kizuri, sitasema uongo.)

Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Mbona basi pombe hiyo hiyo ikimgeuza mgonjwa anahesabiwa mtu mzima?

NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ndiyo huidhinisha vituo hivi. Naiomba itujibu: mkaguzi akifika, huuliza umri wa wanaolala chumba kimoja? Na serikali ya Kaunti ya Nakuru, ni lini tutapata wodi ya vijana yenye mwalimu, ambayo mzazi hatalazimika kuuza mifugo ndipo mwanawe alazwe? Wasomaji wa Molo, Njoro na Gilgil mliopitia haya, andikeni pia.

Mjomba mwenye kero,
Kaptembwo, Nakuru