Tusifungue Visi ya PlayStation Mbele ya Kuchunga Parti za Watu



Tangu siku ya Mungu iliyopita kuna maneno yanazunguka katika chumba cha chakula. Ile PlayStation 4 ya fuaye, tuliyopewa na mwanafunzi wa zamani, imejaa. Ukitia sahani ya mchezo mpya, mashini inajibu kwamba nafasi hakuna. Basi kamati ya fuaye imepata diski ya tera 1, na inataka kubadilisha siku ya posho hii, mbele ya likizo, ili watu wa interna wakirudi wakute kazi imeisha.

Mimi ninapinga. Sipingi diski, diski ni nzuri. Ninapinga haraka. Tena sisemi kama mtu aliye safi, kwa sababu mara ya kwanza ni mimi niliyesema "ndiyo, fungueni".

Wale wa darasa la 1 hawajui habari ya PlayStation 3, acha niwaeleze. Ile mashini ni ya namna nyembamba iliyotoka mwaka wa 2009, na ndani ilikuwa na diski ya giga 120. Sony iliitengeneza kwa namna ambayo mwenyewe anaweza kutoa diski na kutia nyingine, diski ya inchi 2.5, sawa na ile ya ordinatere ya kubeba. Sisi tulikuwa na moja ya giga 500, tuliyoitoa ndani ya ordinatere iliyokufa. Turnevisi moja, dakika kumi na tano, kazi imekwisha. Watu walipiga makofi. Na mimi kapita nilipigiwa makofi pamoja nao, wala sikukataa.

Kesho yake mdogo mmoja wa darasa la 2 akanifuata kwenye bomba la maji. "Yaya Kapita, sezoni yangu iko wapi?" Alikuwa anaongoza timu yake ya mpira mule ndani ya mashini, sezoni ya tatu, kwa ile saa moja tu anayopewa kila siku ya posho. Alinunua wachezaji, akauza, akashuka daraja, akapanda tena. Wachezaji wote aliwajua kwa majina kama watoto wa kwao.

Tukamwambia, usiogope, diski ya zamani tuko nayo. Na hapo ndipo tulipoharibu kabisa. Diski ya PlayStation 3 imeandikwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wake uko ndani ya ile mashini moja peke yake. Tuliifunga kwenye ordinatere ya rafiki yetu. Ordinatere haikuweza kuisoma, ikadhani ni diski tupu, ikauliza kama tunataka itayarishwe. Rafiki akajibu ndiyo. Kama tungeirudisha tu ndani ya PlayStation yake bila kuigusa, mashini ingeifungua, na yule mdogo angeikuta timu yake. Lakini hakuna aliyeuliza mbele ya kubonyeza.

Nami nilimwambia nini? "Achana nayo, mdogo wangu, ni mchezo tu." Neno hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko diski yenyewe. Muhula mzima hakuonekana tena fuaye.

Najua kuna walimu wanaosoma hapa na kusema: kweli, ni mchezo tu, afazali angesoma hesabu yake. Sitabishana juu ya hesabu. Lakini saa ya siku ya posho alipewa na shule, si mwizi. Kazi aliyoifanya ndani ya saa ile ilikuwa yake, na sisi wakubwa tuliitupa bila kumuuliza. Kama ningefuta kitabu chake cha mazoezi, nani angeniambia ni karatasi tu?

Tena angalieni jambo hili, maana kamati inalisahau. Kinachojaza mashini ni michezo yenyewe. Sahani ya Blu-ray inaweza kubeba giga 50, na PlayStation 4 inanakili mchezo kutoka kwenye sahani na kuutia ndani ya diski. Michezo kumi mikubwa hivi, na diski ya giga 500 iliyokuja na mashini za kwanza za 2013 imekwisha. Lakini michezo hiyo hata ikipotea yote, sahani ziko kabatini, tunatia tena. Parti za watu ni kidogo sana, nyingi ni mega tu, zote pamoja zinaingia ndani ya flashi moja ya sokoni. Kitu kidogo kuliko vyote mule ndani ndicho kisichokuwa na sahani kabatini. Na ndicho kamati haijakiweka katika programu yake ya siku ya posho.

Sasa kazi yenyewe. Si ngumu. Flashi iwe ya namna ya FAT32 au exFAT, PlayStation 4 haipokei nyingine. Katika mipangilio ya mashini mna mahali pa kufanya nakala ya vyote na kuirudisha. Pale tunakataa kunakili michezo, tunabakiza watu na parti zao. Wengine watasema tunakili parti moja moja, yatosha. Hapana, kwa hali yetu haitoshi: parti imefungwa na jina la mtu aliyeifanya, na wengi wetu hatuna akonti ya PlayStation Network, tuko na majina ya mule mule ndani tu. Diski mpya ikiingia, majina hayo hayapo tena. Nakala ya vyote inawabeba na watu wenyewe. Vikombe ndivyo havibebwi. Mwenye akonti apatanishe vikombe vyake kwa intaneti kwanza, asije kunililia mimi.

Jambo la pili ambalo kamati haijatayarisha: diski mpya inaingia tupu, haina hata programu ya kuendesha mashini. Inatakiwa faili kubwa ya kuweka upya, ya karibu giga 1, si ile ndogo ya kuongezea tu. Inawekwa ndani ya flashi, katika folda PS4, na ndani yake folda UPDATE, kwa jina PS4UPDATE.PUP, herufi kubwa zote. Kisha unashika kinubo cha kuwasha mpaka mlio wa pili, kama sekunde saba, na maneti imefungwa kwa waya. Giga 1 ni pesa ya mega, nani amezichanga? Nimeuliza, hakuna aliyejibu.

Na umeme! Siku ya posho mchana umeme wetu unaenda na kurudi kama mbuzi wa jirani. Ukikatika katikati ya kunakili, nakala inaweza kuharibika, na hutajua mpaka siku unayoihitaji. Kazi hii ifanywe usiku, saa ya etide, wakati jenereta inawaka, na Papa wa interna akubali kutuachia hata nusu saa juu yake.

Kwa hiyo ninaomba kamati ingoje mpaka juma la pili baada ya likizo. Mbele ya siku ile orodha itundikwe mlangoni mwa fuaye, kila mwenye parti aandike jina lake. Siku ya kazi atakayeweza aje, aone kwa macho yake nakala ikiisha. Diski ya zamani isiguswe na mtu hata wa fizike, iwekwe ndani ya bahasha kwa Mama wa biro mpaka watu wote wa orodha wamefungua parti zao kwenye diski mpya na kusema iko.

Flashi yangu ya giga 32 ninaitoa kwa kazi hii. Yule mdogo, ambaye sasa yuko darasa la 3, ameanza timu nyingine kwenye PlayStation 4. Nimemwomba aandike jina lake la kwanza kwenye orodha. Hajanijibu bado.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la 6 Math-Fizike