Samaki Mkavu Hurowekwa

Nasema wazi tangu mwanzo, ili atakayenuna anune mapema: sisi vijana wa mjini tunapenda sana ngumi moja. Tunampenda anayeingia, anayepiga, anayeangusha, halafu twende zetu. Aliyevumilia hatumtaki. Aliyejifunza upya tunamwona kachanganyikiwa.

Juzi, kijiweni kwetu Magomeni, mshikaji mmoja alitufungulia kwenye simu pambano la zamani. Ni la Birmingham, jimbo la Alabama, Marekani, tarehe 27 Julai 1997. Maurice Smith wa Seattle, bingwa wa mchezo wa ngumi na mateke, ule tunaouita kikiboksi, anakutana na Mark Coleman, mcheza mieleka, kugombea mkanda wa uzito wa juu wa UFC. Haya ni yale mapambano ya mseto: ngumi ruksa, teke ruksa, mieleka ruksa, kabali ruksa. Ulingo una pembe nane na umezungushiwa wavu.

Dakika hazikuwa nyingi, masela wakaanza kelele. "Sasa bingwa gani huyu, kalaliwa tu?" "Amka bwana, piga teke!" Mmoja akafunga mjadala kwa kutuletea methali: "Angebaki kwenye fani yake. Samaki mkunje angali mbichi." Wakacheka, simu ikahamia kwenye mpira.

Mimi sikucheka. Nimerudi nyumbani, nimekaa, nimeandika. Na ninayegombana naye hapa si wale washikaji peke yao. Nagombana na hiyo methali.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Maurice Smith alizaliwa mwaka 1961. Mwaka 1983 alikuwa tayari bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa chama cha WKA katika ngumi na mateke. Hebu fikiri maana yake. Mtu ana miaka ishirini na kitu, ana mkanda wa dunia, anaitwa Japani kupigana mbele ya umati. Mwaka 1989 alipelekwa kwenye ukumbi mkubwa wa Tokyo Dome, akamwangusha Minoru Suzuki. Kwa hesabu za kijiweni kwetu huyo kamaliza. Kazi iliyobaki ni kutembea kifua mbele hadi uzeeni na kuwasimulia wadogo.

Lakini mchezo haumngoji mtu. Mwaka 1993 Wajapani walianzisha mashindano ya K-1, yaliyokusanya wapigaji wakubwa wa ngumi na mateke usiku mmoja. Smith akafika nusu fainali, na hapo Ernesto Hoost wa Uholanzi akamlaza kwa teke la kichwa. Mwaka huohuo Japani ikaanzisha Pancrase, ambako mpiganaji akiisha kuanguka pambano halisimami. Linaendelea palepale chini.

Huko chini Smith alikuwa mtoto mchanga. Kati ya 1994 na 1996, watu watatu walimfanya asalimu amri huko Pancrase: Suzuki yuleyule aliyekuwa amemwangusha, Ken Shamrock wa Marekani, na Bas Rutten wa Uholanzi. Na Rutten huyo asili yake ni mpiga mateke kama yeye, ila alikwisha kujifunza kukaba. Bingwa wa dunia anakunjwa viungo, anagonga mkeka kwa kiganja kuomba aachiwe, mbele ya watu waliolipa kiingilio kumwona akiangusha watu.

Hapa ndipo mimi na kijiwe tunapoachana njia. Wao wanasema hapo alipaswa kurudi kwenye fani yake. Mimi nasema hapo ndipo habari yake inapoanza kuwa na maana.

Naijua sehemu hii kwa mwili wangu. Nilipokuwa kijana nilifanya mazoezi ya ngumi na mateke kwenye ukumbi mmoja huku Temeke. Jina lake naliacha. Miaka mitano nilipiga gunia lililojazwa matambara na mchanga. Nilikuwa na teke la kulia ambalo wenzangu walilipa jina. Siku moja akaja kijana wa judo, mwembamba, mpole, akaomba tujaribiane kidogo. Nikarusha lile teke lenye jina. Akalidaka. Nilichokumbuka baadaye ni dari la ukumbi na mkono wangu ukiwa mahali ambapo mkono haupaswi kuwa. Nikagonga sakafu. Tukarudia, nikagonga tena.

Yule kijana akaniambia, "Kaka, njoo kwetu Jumamosi, nitakuonyesha. Na wewe utanifundisha hilo teke." Nikamwendea mwalimu wangu kuomba ruhusa. Jibu lake bado ninalo masikioni: "Hapa tunafundisha kusimama. Ukitaka kujigaragaza kama mdudu, nenda, ila usirudi. Na isitoshe umeshakomaa. Samaki mkunje angali mbichi."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne! Ishirini na minne, ndugu msomaji, na mimi nikakubali kwamba nimekauka. Sikwenda Jumamosi. Baada ya mwaka mmoja nikaacha na lile teke lenyewe, kwa sababu kila nilipolirusha nilikuwa naogopa mtu wa kulidaka. Simlaumu mwalimu peke yake. Alinipa kisingizio, na mimi nilikuwa nakihitaji. Ni rahisi kusema umri umenipita kuliko kusema nimeona aibu.

Sasa mtazame Smith. Alikuwa na miaka zaidi ya thelathini, na aibu yake ilionwa na ukumbi mzima wa watu. Alifanya nini? Aliungana na Frank Shamrock, kijana mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi, ambaye naye alikuwa akipigana Pancrase. Akaja na Mjapani Tsuyoshi Kohsaka, mtu wa judo. Watatu hawa wakaunda kundi lao la mazoezi, wakaliita The Alliance, yaani Muungano. Mapatano yao yangeeleweka na muuza genge yeyote: wewe una nazi, mimi nina mchele. Smith aliwafundisha wenzake kupiga mateke na kutunza pumzi. Wao wakamfundisha afanye nini mtu mzito akimlalia: namna ya kumzungushia miguu kiunoni, kumbana mikono, kumnyima nafasi ya kupiga, na kuinuka ukipatikana upenyo.

Nimesikia watu wakisema, ah, wenzetu Marekani wana fedha, wana walimu. Basi soma tena hapo juu. Walibadilishana walichonacho. Yule kijana wa judo aliniwekea mezani mapatano hayohayo, Temeke, bila senti tano.

Matunda hayakukawia. Mwezi Oktoba 1996 Smith alipigana na Marcus Silveira, Mbrazili wa jujitsu, mtaalamu wa huko chini hasa, akamshinda na kuuchukua mkanda wa Extreme Fighting. Ndipo akaitwa kwa Coleman.

Coleman wa 1997 hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa amecheza mieleka ya Olimpiki huko Barcelona mwaka 1992. Alichukua mashindano ya UFC mara mbili mfululizo mwaka 1996, na Februari 1997 akawa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu wa UFC kwa kumkaba Dan Severn. Kazi yake ilikuwa moja: anakubeba, anakubwaga, anakaa juu yako, anakutwanga ngumi na vichwa. Ndiyo, vichwa, wakati ule kumpiga mtu kichwa ilikuwa halali. Isitoshe, alikuwa mzito kumzidi Smith. Watabiri wengi walimpa Smith dakika chache.

Haya, sasa turudi kwenye ile simu, pale masela walipochoka kutazama. Coleman anambwaga Smith, kama ilivyotarajiwa. Anamlalia. Anapiga. Na Smith hafanyi la maana, kwa jicho la kijiwe. Lakini tazama miguu yake. Tazama mikono inavyombana Coleman shingoni na mabegani, inavyomlazimisha asukume, avute, asukume tena. Kila ngumi ya Coleman inasafiri njia fupi, haina nguvu. Kila anapojaribu kujinyanyua apige sawasawa, kuna mguu unamzuia. Mtu mnene wa misuli anafanya kazi ya kubeba magunia bandarini, na aliye chini yake anahesabu pumzi.

Kisha Smith anasimama. Coleman naye anasimama, lakini kinywa kimeachama, mikono imeshuka, baadaye imeshika magoti. Na hapo teke la Seattle linaanza kuingia kwenye paja, taratibu, moja, jingine, jingine. Pambano lilikwenda dakika 21 pamoja na muda wa nyongeza. Majaji wote wakampa Smith. Alikuwa na miaka 35, na ndiye bingwa mpya wa uzito wa juu wa UFC.

Wapenzi wa ngumi na mateke wakashangilia kwamba teke limeishinda mieleka. Hapo nao nawapinga! Teke lile alikuwa nalo tangu 1983, na halikumsaidia kitu Suzuki alipomkunja. Kilichomshindisha Birmingham ni zile dakika za kulaliwa mlizozipigia miluzi. Bila zile, teke lisingepata nafasi ya kurushwa.

Najua mtakuja na swali: mbona hakudumu? Kweli. Oktoba 1997 aliutetea mkanda wake dhidi ya Tank Abbott, akashinda. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, Yokohama, Randy Couture akamshinda kwa pointi, mkanda ukaondoka. Ukijumlisha mapambano yake yote ya mseto, aliyoshinda na aliyopoteza yanakaribia kulingana. Masela wa kuhesabu namba watasema, si tulisema?

Lakini jueni huyo Couture ni nani. Alikuwa mcheza mieleka aliyeingia mapambano ya mseto kwa mara ya kwanza mwezi Mei mwaka uleule, akiwa na miaka 33. Samaki mkavu alishindwa na samaki mkavu mwenzake. Methali yenu iko wapi hapo?

Na usiku huohuo wa Yokohama, Frank Shamrock alimkunja mkono Kevin Jackson, bingwa wa mieleka wa Olimpiki ya 1992, kwa sekunde 16 tu, akachukua mkanda wa uzito wake. Mwaka 1999 Frank huyo akakutana na Tito Ortiz, mcheza mieleka mkubwa kumzidi. Akavumilia kubwagwa na kulaliwa, akamchosha, akammaliza raundi ya nne kwa mapigo hadi Ortiz akasalimu amri. Somo lile la Birmingham, ukilitazama vizuri, lilikuwa limehamia kwa mtu mwingine. Mkanda ulimtoka Smith, alichokifundisha hakikumtoka. Hilo halimo kwenye hesabu ya aliyoshinda na aliyopoteza.

Kwa nini naleta ngumi kwenye jarida la waandishi? Kwa sababu ugonjwa ni uleule. Nawajua humu wenye tenzi ambao hawagusi hadithi fupi kwa kuogopa wataonekana wachanga. Nawajua wenye hadithi waliosifiwa mara moja, sasa mwaka wa nne wanarusha teke lilelile lenye jina. Ukimwambia njoo tubadilishane, anakujibu kila mtu na fani yake. Bwana, sema ukweli tu: unaogopa kugonga mkeka mbele za watu.

Methali ya samaki sikatai kwamba ina hekima. Ilitungwa kwa ajili ya malezi, kuwaambia wazazi wasichelewe. Sisi tumeigeuza cheti cha kifo, tunajiandikia wenyewe tukiwa hai. Na tumesahau jambo ambalo mama yeyote wa pwani analijua: papa mkavu halali kwenye kapu akalaumiwa ugumu. Hurowekwa. Anatiwa majini, anaachwa usiku mzima, maji yanamwagwa yenye chumvi, yanatiwa mengine. Asubuhi analainika. Inataka maji na inataka subira, basi.

Mimi sasa nina miaka thelathini na tisa. Yule kijana wa judo sijui aliko, ningemwomba radhi. Lakini nimepata mkeka mwingine, na kila Jumamosi asubuhi nalaliwa na vitoto vya miaka kumi na saba vinavyoniita mzee. Nagonga. Naamka. Nagonga tena. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, kimoja kilinilalia dakika tatu nzima kikashindwa kunifanya kitu, kikainuka kinahema.

Kwa hiyo, washikaji wa Magomeni, Jumapili nakuja kijiweni. Leteni simu ileile. Safari hii tunatazama dakika zote 21, na atakayesema neno kabla ya ile ya mwisho ananunua kahawa kwa wote.