Namba Tasa Zilizozaa



Mara kwa mara twaulizwa swali ambalo juu juu laonekana dogo, lakini ndani yake mna maisha ya kijana na heshima ya mzazi. Baba amemsomesha mwanawe kwa jasho lake, na mama ameuza alichokuwa nacho. Kijana amefaulu vizuri katika hesabu mpaka akapata shahada ya chuo kikuu. Siku ambayo nyumba nzima yangoja kusikia kwamba ameajiriwa, yeye huja na habari nyingine: ataka kuendelea na uchunguzi wa hesabu, na uchunguzi wenyewe ni juu ya tabia za namba tu. Baba humwuliza, "Mwanangu, namba hizo zitatuletea nini hapa nyumbani?" Kijana huinamisha kichwa, kwa kuwa hana la kujibu.

Mwezi huu twapenda kumsaidia kijana huyo kujibu, tena kwa adabu, maana swali la baba si la ujinga. Mwenye kutoa mali yake ana haki ya kuuliza imekwenda wapi.

Wataalamu huigawa elimu ya hesabu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hesabu za matumizi, nazo hutafutwa kwa sababu kuna haja iliyo mbele ya macho: kupima shamba, kujenga daraja, kukadiria mvua, kuongoza chombo baharini. Fungu la pili huitwa hesabu safi. Mtu huzichunguza kwa kutaka kujua ukweli wake tu, bila ya kuuliza zitamfaa nani. Wengi hudhani kwamba fungu la kwanza ni shamba la chakula na la pili ni bustani ya maua, na kwamba maskini hana haja ya maua. Lakini tukiitazama historia twaona kwamba mafungu haya mawili hulishana, wala hapana ajuaye mapema ni lipi litakalomlisha mwenziwe.

Tuanze na jambo lililo karibu nasi. Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata mwaka 833, alikuwako Baghdad mwanachuoni aitwaye Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Huyu alitunga kitabu cha hesabu za al-jabr, akaeleza mwenyewe kwamba ataka kuwarahisishia watu mambo ya mirathi, wasia, ugawaji, mashitaka, biashara na upimaji wa ardhi. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Kila nyumba ya Kiislamu yajua uzito wa jambo hili. Mtu akifa bila deni wala wasia, wala hana wazazi walio hai, akaacha mke mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili, mke hupata thumuni, na kinachobaki hugawanywa hata mwana apate sawa na mabinti wawili. Mali yote hukatwa mafungu 32: mke apate 4, mwana 14, na kila binti 7. Hayo ni mepesi. Lakini marehemu akiwa ameacha wasia wenye masharti, na deni ndani yake, kiasi kinachotafutwa hujificha, na kadhi husumbuka.

Al-Khwarizmi alifundisha kukiita kiasi hicho kisichojulikana kwa jina la "kitu", kisha kukiendea hatua kwa hatua mpaka kijulikane. Haja ya mirathi ilimpeleka kwenye kanuni zilizo pana kuliko mirathi yenyewe. Baada yake walikuja watu waliozichunguza kanuni hizo bila ya kuwa na maiti wala urithi mbele yao, na leo aljebra yasomwa duniani kote. Hata neno algorithimu, yaani ule mpangilio wa hatua ambazo kompyuta huzifuata, latokana na jina lake. Hapa haja ndiyo iliyozaa hesabu safi.

Sasa tutazame safari ya kinyume, ambayo ndiyo inayomhusu kijana wetu.

Wanafunzi wanazijua namba tasa, zile zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Zimeitwa tasa, na kwa zaidi ya miaka elfu mbili jina hilo lilizistahili kwa njia nyingine pia, maana hazikuzaa faida yoyote ya kuonekana. Euclid wa Uyunani, yapata mwaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alithibitisha kwamba hazina mwisho. Yapata mwaka 1000, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, alitafuta namba ambayo ukiigawanya kwa 2, 3, 4, 5 au 6 hubaki 1, lakini ukiigawanya kwa 7 haibaki kitu. Alizidisha 1 mpaka 6 zote pamoja, akapata 720, akaongeza 1. Namba 721 ni 7 mara 103. Aliona kwamba jambo hili ni tabia ya namba tasa zote. Uthibitisho wake ulitolewa na Lagrange katika karne ya 18. Mwaka 1640 Mfaransa Fermat aligundua kanuni nyingine ya namba tasa, na mwaka 1763 Euler akatangaza kanuni iliyoipanua ile ya Fermat. Hapana hata mmoja wao aliyeweza kumwambia baba yake namba hizo zitaleta nini nyumbani.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, mwanahesabu Hardy wa Cambridge alitoa kitabu kidogo cha kuitetea kazi yake. Aliona fahari kwamba hapana mtu aliyekuwa amepata njia ya kuitumia elimu ya namba katika vita, wala haikuelekea kwamba atapatikana kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1947 na imani hiyo. Haikupita miaka 30 elimu yake ikaitwa kazini.

Tangu kale, siri ililindwa kwa ufunguo mmoja: anayeifunga barua na anayeifungua sharti wawe nao wote wawili. Njia moja ya zamani ilikuwa kubadilisha herufi kwa alama nyingine. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika risala akaonyesha kwamba siri ya namna hiyo huvunjwa kwa kuhesabu ni alama gani hutokea mara nyingi. Msomaji akihesabu herufi za ukurasa huu ataona kwamba herufi a yazishinda nyingine zote. Basi katika barua ya siri ya Kiswahili, alama iliyozidi nyingine yaelekea kuwa ndiyo a. Kufuli zilitengenezwa ngumu zaidi, lakini shida moja ilibaki: watu wawili wasiopata kuonana watapeanaje ufunguo bila ya mwizi kuuona njiani?

Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza fikira mpya: kila mtu awe na kufuli anayoigawa hadharani na ufunguo anaoubakiza nyumbani. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, walitengeneza kufuli ya namna hiyo kwa namba tasa. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba Clifford Cocks, mwanahesabu katika idara ya siri ya serikali ya Uingereza, alikuwa amekwisha ivumbua mwaka 1973, akazuiwa kusema.

Vijana na watwae karatasi na kalamu. Chukueni namba tasa mbili, 3 na 11; zizidisheni, mpate 33. Toeni 1 katika kila moja, zibaki 2 na 10. Zizidisheni, mpate 20. Sasa tafuteni namba mbili ambazo zikizidishwa pamoja, kisha zikagawanywa kwa 20, hubaki 1. Namba 3 na 7 zafaa, maana 3 mara 7 ni 21. Tangazeni 33 na 3 hata sokoni. Hizo ndizo kufuli. Ificheni 7, huo ndio ufunguo. Rafiki akitaka kuwapelekea namba 4 kwa siri, atazidisha 4 tatu, apate 64, agawanye kwa 33, ibaki 31. Ataileta 31, na mwizi akiiona si neno. Ninyi mtazidisha 31 saba, mpate 27,512,614,111. Mkigawanya kwa 33 itabaki 4. Inayoirudisha ile 4 ni kanuni ya Euler ya mwaka 1763.

Mtasema kwamba hata mtoto ajua kuwa 33 ni 3 mara 11, na akishajua hayo atapata 20, kisha 7. Ni kweli. Lakini kufuli za leo hutumia namba yenye tarakimu zaidi ya 600. Kuzizidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya nukta moja kwa kompyuta. Kuirudia namba iliyopatikana na kuzitambua zile mbili ni kazi ambayo hapana mtu ajuaye kuifanya kwa kompyuta za kawaida katika muda wa maisha yake. Leo mtu wa Mombasa au Muscat akifungua tovuti ya benki yake, amana yake inalindwa kwa msaada wa kufuli zilizojengwa juu ya elimu ya namba. Namba tasa zimezaa.

Wala kazi haijaisha. Mwaka 1977 wavumbuzi hao watatu walitoa namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja, na ikakadiriwa kwamba yahitaji mamilioni ya mamilioni ya miaka. Mwaka 1994 ilivunjwa na watu wapatao 600 wa kujitolea walioziunganisha kompyuta zao. Si nguvu za kompyuta peke yake zilizoongezeka. Wanahesabu walikuwa wamepata njia mpya. Mwaka huo huo Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za namna nyingine kabisa, zikijengwa kubwa na madhubuti, zitazifungua kufuli hizi kwa wepesi. Kwa hiyo mwaka 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitangaza kufuli mpya, na nyingi katika hizo zimejengwa juu ya hesabu za nukta zilizopangwa kama wavu, elimu iliyochunguzwa tangu karne ya 19 kwa kutaka kujua tu.

Basi jibu la kijana kwa baba yake ni hili: "Baba, sijui zitaleta nini, na walionitangulia pia hawakujua." Hilo ni jibu la kweli, nalo lastahili kusikilizwa. Apandaye mnazi hangoji nazi msimu ule ule, na pengine nazi zitaliwa na asiyemjua. Lakini tusimdanganye mzazi. Si kila uchunguzi wa hesabu utazaa kufuli ya benki. Mwingi utabaki kuwa maarifa tu, na maarifa nayo yana heshima yake. Kijana naye asiifanye elimu kuwa kisingizio cha kuwaachia wazee mzigo. Afundishe, maana shule zetu zina haja ya walimu wa hesabu; apate riziki yake, awasaidie wadogo zake, na usiku auendee uchunguzi wake mpaka mlango mkubwa ufunguke.

Wazazi wenye mabinti tunawakumbusha habari za Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Fields, iliyo kubwa kabisa katika hesabu, kwa uchunguzi wake wa nyuso zilizopindika. Alifariki mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 40. Binti apendaye hesabu asiambiwe kwamba si kazi yake.

Limebaki neno moja, nalo tumelipata kwa Hardy. Alidhani kwamba elimu isiyo na matumizi humweka mtu mbali na lawama. Lakini namba zile alizozipenda leo huficha barua ya mama kwa mwanawe aliye ng'ambo, na huficha pia amri za majeshi na mipango ya wezi. Elimu haina mikono. Mikono ni yetu. Mwenye kuchimba kisima hajui nani atakunywa, lakini hapati udhuru wa kutojali. Kwa hiyo nyumba inayomruhusu kijana aende kuzichunguza namba na imfunge kwanza kwa uaminifu, ili siku elimu yake itakapozaa, na hata akiwa amekwisha kufa, wale aliowafundisha wawe watu wa kuaminiwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu subira, na vijana wetu nia njema. Amin.