Gesima Inalipia Redio Isiyo Yake

Ukiwaambia watu wa Gesima, huku kwetu Nyamira, kwamba wasikilizaji wanaweza kuchangia redio yao wenyewe, jibu linakuja kabla hujamaliza kusema: redio ni ya bure. Mtu hununua kiredio chake, akatia betri, akasikiliza. Yaliyobaki ni kazi ya wenye vituo na ya serikali. Wasomi wetu nao wanaishika imani hiyo hiyo kwa maneno ya adabu zaidi. Wanasema mkulima mwenye nusu ekari ya chai hawezi kubeba chombo cha habari, kwa hiyo atafutiwe mfadhili. Imani hizi mbili ni ndugu, zote si kweli, na zimetugharimu sana katika nchi ya Gusii.

Tuanze na hiyo bure. Washa kituo chochote cha biashara kinachotangaza kwa lugha ya mama magharibi mwa Kenya, ukisikilize tangu alfajiri hadi watu walale, kisha ujiulize ni nani aliyelipia kila saa uliyoisikia. Mwanasiasa amenunua mahojiano marefu ambayo hakuna anayemuuliza swali lolote zito. Mganga amenunua dakika zake za kuahidi kurudisha mume aliyetoroka na mali iliyopotea. Katikati kuna bahati nasibu: tuma shilingi 20 kwa nambari hii, mshindi atajwe kabla ya taarifa ya habari. Mchuma chai aliyerudi kutoka kituo cha kununulia majani anatuma, hapati kitu, na kesho anatuma tena. Pesa hiyo ni ada ya redio. Ameilipa kwa mkono wake mwenyewe, tena mara nyingi, ila haimpi haki ya kuuliza kwa nini mkutano wa hadhara kuhusu bajeti ya kaunti haukutangazwa. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na vyombo vya habari vikalalamika kwamba mapato yatakauka. Malalamiko hayo yalitueleza wazi vituo vinaishi kwa jasho la nani.

Hapo kwa mganga sitapita haraka. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto huko Kisii kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati Marani kwa tuhuma hizo hizo. Sisemi redio iliwaua. Nasema kwamba mahali ambapo shuku ya jirani inaweza kumwua bibi mwenye mvi, kumuuzia saa za hewani mtu anayejigamba kumtambua aliyekuroga ni biashara ya hatari, na meneja wa mauzo aliye mbali na vijiji hivi hana sababu ya kuikataa. Hundi imeingia, kazi imekwisha. Mambo yangekuwa tofauti kama mabibi wa namna hiyo wangekuwa wanachama wa kituo, wenye kadi na kura, wanaoweza kusimama kwenye mkutano mkuu wa mwaka na kumtaka mhariri ajieleze mbele ya majirani zao.

Kuna watakaosema: basi ndiyo maana tuna redio ya umma. Ni kweli, na siidharau. Enzi za Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa lililoitangulia KBC, lugha yetu ya Ekegusii iligawiwa saa zake katika idhaa ya Kisumu pamoja na lugha nyingine za magharibi, na leo KBC ina Minto FM inayotangaza kwa lugha hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inavitaka vyombo vya dola viamue vyenyewe cha kutangaza, visiegemee upande, na vitoe nafasi kwa wanaopinga. Maneno hayo ni mazuri sana. Lakini mshahara wa mtangazaji hautoki kwenye kifungu cha 34, unatoka Hazina na kwenye matangazo ya wizara. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Aliyekupa kwa barua moja anaweza kukunyang'anya kwa barua nyingine, na kila mtu aliye chumba cha habari analijua hilo anapochagua habari ya kwanza.

Ushahidi tunao hapa hapa jirani. Mwaka 1982 Homa Bay ilipata redio ndogo ya jamii, mojawapo ya za kwanza kabisa Afrika, kwa msaada wa UNESCO na chini ya Sauti ya Kenya. Mitambo yake ilikuwa ya bei nafuu, matangazo yake ya Kijaluo, mambo yake ya afya, kilimo na maisha ya kando ya ziwa. Kufikia mwisho wa 1984 serikali ilikuwa imeifunga. Watu wa Homa Bay waliipenda, ila kuipenda hakukuwapa hati yoyote ya kuitetea. Vifaa vilikuwa vya mfadhili, masafa na watumishi vya serikali, na msikilizaji alikuwa na masikio tu. Wanaotuambia leo tusubiri mfadhili waeleze kwanza kwa nini Gesima ingefanikiwa kwa njia iliyoiangusha Homa Bay.

Sasa tulinganishe na Nthongoni, kule Makueni, nchi kavu kuliko Gesima na yenye kipato kidogo kuliko cha chai. Redio Mang'elete ilizaliwa na vikundi 33 vya wanawake, vile vile vya kuchangiana na kukopeshana ambavyo kila kijiji cha Kenya kinavyo. Walisaidiwa kupata mitambo, hilo halifichwi. Lakini umiliki ulikaa kwa vikundi, na kituo kilichoanza kurusha matangazo mwaka 2004 kiliingia hewani kikiwa na wenyewe.

Na huko Marekani, ambako wengi wetu hudhani kila kitu hulipiwa na matajiri, kituo cha KPFA cha Berkeley kilianza Aprili 1949 kwa wazo la mtu mmoja, Lewis Hill, kwamba wasikilizaji ndio walipe. Mwaka uliofuata fedha ziliisha na kikanyamaza. Wasikilizaji wakachanga, na mwaka 1951 kikarudi hewani. Julai 2025, Bunge la nchi hiyo lilipofuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa redio na televisheni za umma, vituo vilivyokuwa na wanachama wengi viliwaendea wanachama hao. Vilivyoumia zaidi ni vidogo vya vijijini vilivyoegemea ruzuku.

Hebu tuingie kwenye hoja ya umaskini, maana ndiyo inayorudiwa zaidi na ndiyo inayoniudhi zaidi. Mkulima wa Nyamira ni mwenye hisa katika kiwanda. Viwanda vya Tombe, Sanganyi na Nyansiongo vinamilikiwa na wakulima chini ya mfumo wa KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai. Mbolea anaipata kwa makato. Mkopo wa sacco anaulipa kwa makato. Mtoto wa jirani akifika chuo kikuu anachangiwa, mgonjwa akizuiliwa hospitali anachangiwa, na maiti ikikwama mochari kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo. Kabla ya yote hayo palikuwa na risaga, majirani wakilima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba hajui kuchangia jambo la pamoja ni kumtukana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kaya 2,000 zikikubali makato ya shilingi 100 kwa mwezi, hizo ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Hazitajenga jumba la kioo. Zitalipa umeme, ada za leseni, na vijana wachache wanaojua kuuliza maswali. Sheria haitukatazi: marekebisho ya sheria ya habari na mawasiliano yaliyoanza kutumika 2009 yanaitambua redio ya jamii kama chombo kisicho cha faida, kinachoweza kuendeshwa kwa michango, ruzuku, ufadhili na ada za wanachama.

Tungepata nini kwa shilingi hizo 100? Kwanza, habari ya chai. Kila wiki majani yetu yanauzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola, na mkulima aliyeyachuma huijua bei siku bonasi inapotangazwa, ikiwa imeshachelewa kumsaidia. Miaka nenda miaka rudi wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa hupewa bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki. Sababu zipo, za ubora wa majani, gharama za kiwanda, madeni na usimamizi, na kila moja inahitaji mwandishi wa kuifuatilia kiwanda kwa kiwanda. Mwenye kituo cha biashara hana faida katika kazi hiyo. Mwenye majani anayo. Vivyo hivyo, Bunge la Kaunti ya Nyamira lilipogawanyika hadi kundi moja likawa linaketi peke yake kwa jina la Bunge Mashinani, wananchi walihitaji mtu asiyelipwa na upande wowote awaeleze ni sheria zipi zilipitishwa wapi, na bajeti ya zahanati yao imekwama kwa nani.

Pingamizi moja ninaliheshimu: kwamba redio ya wanachama itatekwa na siasa za koo, kama ambavyo chaguzi za wakurugenzi wa viwanda hugeuka vita, na kama vyama vya kahawa vilivyoliwa hadi mifupa. Itatokea. Watu watapigania viti, na mwaka mmoja au miwili watachaguliwa wasiofaa. Lakini ugomvi huo utafanyika hadharani, kwa daftari la wanachama na hesabu zilizokaguliwa, na wasiofaa wataweza kuondolewa. Kituo cha mtu binafsi kikitekwa na mwanasiasa hakuna mkutano wa kuitishwa. Masaibu ya vyama vya kahawa nayo yalitufundisha kuweka ukomo wa mihula ya wakurugenzi na kumkataza mwenye cheo cha siasa kushika uongozi, na masharti hayo yaandikwe kwenye katiba ya redio kabla ya mtambo kununuliwa.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa vituo vya kununulia chai kuanzia Gesima hadi Keroka wasisubiri mkutano wa Nairobi. Waandikishe wanaotaka, kwa hiari, kila jina na sahihi yake, kisha wapeleke orodha kiwandani na kwenye sacco waulize makato yanaweza kuanza mwezi gani. Majina yakifika 500, waitishe mkutano wa kuchagua kamati, na nusu ya kamati wawe wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaochuma majani mengi zaidi na ndio wanaofungua redio jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri.