Mbwa Akikohoa Usiku

Usiku mmoja katika kipupwe cha mwaka huu, yapata saa nane, nilishtuliwa usingizini na sauti kutoka uani iliyonifanya nidhani kwamba mbwa wetu ananyongwa. Alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu, akipaliwa, kisha akikohoa kikohozi kikavu chenye mlio mzito mithili ya bata bukini, na mwisho akitema povu jeupe kidogo na kunyamaza. Baada ya dakika mbili akaanza tena. Kabla sijazipata kandambili zangu, kijana wetu wa miaka 11 alikuwa amekwisha kutoka nje na tochi. Nilimkuta amepiga magoti, mkono mmoja ameshika taya la mbwa, na wa pili anautayarisha kuutia kinywani. “Baba, amekwamwa na mfupa,” alisema. Nilipiga ukelele ambao nadhani uliamsha nusu ya mtaa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Hayakuhusu. Jina hilo alipewa na mama mkwe wangu, naye hakutaka kueleza sababu. Sisi tunadhani lilikusudiwa majirani. Ni mbwa wa kawaida wa mjini, rangi ya mchanga, na kazi yake ni kulinda kuku na baiskeli.

Yafaa nieleze kwa nini nilipiga ukelele, maana wengi watafikiri niliogopa meno. Mbwa anayeugua kichaa aghalabu hushindwa kumeza, kwa kuwa misuli ya koo na ya taya hupooza. Udenda humtiririka, sauti yake ya kubweka hubadilika, na mtu asiyejua humwona kama mbwa aliyekwamwa na mfupa. Udenda huo ndio wenye virusi, navyo huingia mwilini hata kwa mchubuko mdogo wa kidole. Binadamu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huo, ni nadra mno apone. Hayakuhusu alikuwa amechanjwa, na cheti chake kimo kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Lakini kijana hakuuliza habari za chanjo kabla ya kunyoosha mkono, na mbwa mwingine atakayemkuta akipaliwa huenda asiwe wetu. Tulimwosha mikono kwa sabuni usiku uleule. Lau angekuwa ameng'atwa na mbwa asiyejulikana, tungeliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na asubuhi hiyo hiyo tungekuwa hospitali kwa ajili ya sindano, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Kulipopambazuka tulimwita bwana mifugo. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: mbwa huyu alilala wapi siku za karibuni? Hapo ndipo tulipokumbuka. Siku 6 zilizopita tulikuwa tumerudi kutoka msibani Morogoro, na kwa siku tatu tulizokuwa huko tulimwacha kwenye ua wa jirani, akila na kulala pamoja na mbwa wengine wanne. Bwana mifugo akatikisa kichwa. Kikohozi hiki cha mbwa huenea panapokusanyika mbwa wengi, kwa hewa wanayokoholeana na kwa bakuli wanazochangia, na dalili hujitokeza baada ya siku 2 hadi 14. Visababishi ni virusi vya namna mbalimbali, na mara nyingi pamoja navyo kijidudu kiitwacho Bordetella bronchiseptica, ambacho ni ndugu wa kile kinachowaletea watoto wetu kifaduro. Mke wangu, aliyepata kuuguza kifaduro utotoni kwa mdogo wake, alisema kwamba hakushangaa: mlio ni uleule.

Kisha mbwa alipimwa joto, likaonekana kuwa nyuzi 38.9. Mke wangu alishika kifua. Kwa mtoto hiyo ni homa ya kumkimbiza zahanati, lakini kwa mbwa ni joto la afya, kwani joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Ni vema jambo hili likajulikana, maana wapo waliompa mbwa dawa ya homa asiyokuwa nayo, kwa kumgusa tu masikio. Mapafu yalisikika safi, alikuwa akila, na fizi zilikuwa nyekundu kiasi cha kupendeza. Bwana mifugo hakuacha dawa yoyote. Alisema kikohozi cha namna hii, kwa mbwa mzima mwenye nguvu, aghalabu humalizika chenyewe kwa juma moja hadi matatu, ilimradi nyumba isikiongezee nguvu.

Basi ikatubidi tutazame ni vipi nyumba yetu ilikuwa ikikiongezea nguvu. Kwanza mnyororo. Kila mbwa alipouvuta, ukosi ulimbana koo na kikohozi kikafumuka upya. Tukauvua, na alipohitaji kutoka tukamfunga kwa mkanda unaopita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele. Pili moshi. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa jiko la mkaa, na usiku tulikuwa tukimwashia dawa ya mbu ya kuchoma kwa kumhurumia. Tulikihamishia kibanda upande wa pili, mahali pakavu pasipo na upepo, tukamtandikia gunia, na binti akaagizwa kunyunyiza maji kabla ya kufagia ua ili vumbi lisipande. Mbio na michezo ya mpira ikapigwa marufuku, jambo ambalo watoto walilichukia kuliko mbwa mwenyewe.

Chakula tulikilainisha. Ugali ulisongwa mwepesi, ukachanganywa na supu ya dagaa ya uvuguvugu, kwani mbwa mwenye mafua hunusa kwa shida na chakula cha moto kidogo kinanukia zaidi. Supu hiyo ipikwe bila vitunguu, maji wala saumu, kwa sababu hivyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Maji safi yalikuwapo mchana kutwa. Jioni alilambishwa asali nusu kijiko cha chai, na kikohozi kilipozidi nilimwingiza bafuni, nikafunga mlango, nikakaa naye dakika 10 katika mvuke wa ndoo ya maji ya moto. Ndoo iwe mbali naye, na asiachwe peke yake wala na mtoto. Nakiri kwamba nilijiona kichekesho, mtu mzima nimeketi juu ya kigoda gizani na mbwa, lakini usiku huo tulilala sote.

Siku ya tatu jirani mmoja, mzee mwenye huruma, alinijia na vidonge viwili mkononi. Nilimwamkia, akanijibu, “Marahaba, mwanangu. Mpe hivi, kifua kitamlegea.” Vilikuwa vidonge vya parasetamo. Nilivipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikavitia mfukoni, na humo vilikaa. Dawa hiyo ipozayo kichwa chetu huweza kumharibia mbwa ini na damu. Ibuprofeni humtoboa tumbo na kumuua figo. Na dawa za maji za kikohozi nyingine hutiwa sukari bandia iitwayo zailitoli, ambayo ni sumu kwake. Wala mabaki ya dawa za vijidudu za mtoto hayafai.

Kijana, ambaye alikuwa bado ananinunia kwa ule ukelele, alipewa kazi ya kuhesabu pumzi. Mbwa akilala usingizi, unatazama ubavu wake: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Unahesabu kwa dakika nzima. Aliandika kila jioni katika daftari la hesabu: 22, 24, 21. Hesabu ikipita 30 katika usingizi mtulivu, hilo ni jambo la kumwita mganga. Kadhalika fizi zikipauka au kugeuka bluu, akikataa chakula siku nzima, makamasi yakiwa mazito ya manjano au kijani, au joto likipita nyuzi 39.5, basi huenda kikohozi kimeshuka mapafuni na kuwa kichomi, na hapo mvuke na asali havitoshi. Watoto wa mbwa na mbwa wazee wasingojewe hata kidogo. Wapo wasomaji ambao dini yao huwaepusha na kumgusa mbwa. Kazi hii ya kuhesabu pumzi hufanyika mtu akiwa kitini.

Ipo distempa pia, nayo huanza kama mafua: macho yenye tongo zito, kikohozi, kuhara, na baadaye misuli kutetemeka. Haina dawa ya kuiua, ina chanjo. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko, na watafiti waliwatazama mbwa wa vijiji vya jirani kama chanzo kinachoelekea kuwa cha kweli. Nilipomsimulia kijana habari hiyo, alikwenda kumtazama Hayakuhusu kwa heshima mpya.

Kazi iliyonishinda kidogo ilikuwa kumwambia yule jirani aliyetutunzia mbwa. Nilikaa siku mbili nikitafuta maneno, kwa kuwa mtu aliyekusaidia wakati wa msiba humwambii kwamba ua wake una ugonjwa. Hatimaye nilikwenda. Kumbe wawili wa kwake walikuwa wakikohoa tangu Jumatatu, naye alikuwa akitafuta namna ya kuniambia kwamba ni wangu aliyewaletea. Tulikubaliana kutochunguza zaidi. Kila mmoja aliwafungia mbwa wake hadi yalipopita majuma mawili tangu kikohozi kilipokoma, na bakuli zikaoshwa mbalimbali.

Kikohozi cha Hayakuhusu kilinyamaza siku ya 12. Asubuhi ya siku ya 15 alimbwekea mchuuzi wa maziwa kwa sauti yake ya zamani, na mke wangu, ambaye kwa miaka minne amekuwa akilalamikia kelele hizo, hakusema neno.